Nyumba Niliyoikagua Bila Kuuliza ni ya Nani

Kuna watu hapa Bariadi mpaka leo wakiniona sokoni wanageuka pembeni ili wacheke vizuri, nami nawaachia, kwa sababu ningekuwa wao ningecheka zaidi. Aibu niliyoipata mtaa wa Somanda si ile ya kuanguka na baiskeli mbele ya wasichana, hiyo ni aibu ya nusu saa tu, unajipangusa vumbi unaendelea. Yangu nitaingia nayo kaburini. Nimewaficha wanangu miaka mingi (nilidhani nimewaficha, kumbe mama yao alishawasimulia zamani na huwa wananiigiza nikiwa kazini), basi bora niisimulie mwenyewe, angalau isiongezwe chumvi kuliko hiyo iliyokuwa nayo.

Kwanza mjue mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Kenya, nimekulia Mombasa, Changamwe, kwenye nyumba za reli ambako baba alikuwa fundi, na kwake nilirithi vitu viwili, ufundi na ujuaji. Huko ndiko nilikompata Minza, binti wa Kisukuma aliyekuja kukaa na shangazi yake muuza mitumba, miaka ile mipaka ilipolegea na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Tukapendana, tukaoana. Kutoka kwao alikuja kaka yake mmoja tu, Masanja, akala pilau, akapokea sehemu ya mahari, akapanda basi. Baba yao alikuwa ameshafariki, na mama yao alikataa kuja. Alituma neno moja tu, kwamba yeye hakuzaa binti ili aende kuzikwa ng'ambo na watu asiowajua, na baada ya hapo akanyamaza kabisa, hata salamu hakutuma. Minza hakulia mbele yangu, ila macho yalikuwa yakivimba na yeye akisingizia vitunguu, hata siku tulizokunywa chai kavu.

Sasa pamba ikafunguliwa. Zamani ilikuwa ni chama cha ushirika tu, lakini ghafla kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua, zikajenga na vinu vya kuchambulia, na mafundi wa mitambo wakatafutwa hadi nje ya nchi. Nikapata kazi kwenye kinu kimoja hapa Bariadi. Nilipomwambia Minza, aliruka akanikumbatia na mtoto akiwa mgongoni. Tukakubaliana nitangulie, nitafute nyumba, kisha nimpigie simu kwa jirani yetu mwenye duka naye aje. Akaniambia, "Nakuomba kitu kimoja. Nikishuka kwenye basi niingie kwangu. Mama asije akaniona nahangaika na mtoto kwenye nyumba za wageni, atasema si alisema."

Nikabeba maneno hayo kama yalivyo. Nilitaka yule mama, siku atakayoniona kwa mara ya kwanza, anione nina funguo mkononi na mwanawe ana paa juu ya kichwa.

Masanja alinipokea stendi, akanitafutia chumba kwenye nyumba ya wageni, akasema kwa haraka (alikuwa anakimbilia gari la Nassa, kule ziwani, kufuata mzigo wa dagaa), "Shemeji, tulia hapa. Nikirudi nitakupeleka kwa mama kwa utaratibu, na wazee, na kila kitu. Mpaka hapo usizungukezunguke." Nikamwambia sawa. Sikumwuliza mama yuko wapi, kwa sababu nilijua yuko Shishiyu, kule Maswa, ndiko kwao, ndiko Minza alikozaliwa. Kwamba tangu tunyimwe salamu mama alikuwa ameuza ng'ombe kadhaa akanunua nyumba mjini ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mguu wake, hilo mimi na Minza hatukulijua, na Masanja alishaparamia gari.

Basi nikatulia, siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu ujuaji ukaanza kuniwasha. Nikajiambia, mtu mzima, fundi, unasubiri mwenye dagaa ndiye akutafutie nyumba? Nikamtafuta dalali. Dalali mwenyewe anaitwa Doto, mtu wa maneno mengi na viatu viwili visivyofanana, naye akaniambia ana nyumba Somanda, mpya, ya bati, ya mama mmoja mjane asiye na makuu, anapangisha vyumba viwili vya mbele. Nikauliza kuhusu maji, paa na kodi. Mwenye nyumba ni nani na watoto wake ni akina nani, hilo sikuuliza. Huku mtu akikutana na mgeni huuliza kwanza ukoo, kijiji, umezaliwa na nani, mpaka mjuane, halafu ndiyo mnaingia kwenye shida. Mimi niliona huo ni upotezaji wa muda.

Tukafika. Doto akapiga hodi moja nyepesi, akasema, "Mama ameenda hospitali, aliniambia. Tuingie tu, mimi hapa ni mwenyeji." (Hakuwa mwenyeji.) Yeye akakaa sebuleni karibu na mtungi akajichotea maji, mimi nikaanza kazi. Nyie mnijue nikiwa kwenye ukaguzi, nagonga ukuta, navuta komeo, naangalia juu kama bati linapitisha mwanga. Badala ya kwenda vyumba vya mbele nikashika mkono wa kulia, nikapenya pazia, nikajikuta kwenye chumba chenye kitanda kikubwa na magunia ya mpunga. Nikakaa juu ya kitanda. Nikakirukiaruka kidogo. Kisha nikasema kwa sauti ile ya mtu mwenye hela, "Doto! Mwambie huyo mama kitanda hiki akitoe, kinalia kama mbuzi. Na haya magunia ayahamishe, mke wangu hawezi kulala na panya."

Kumbe mama alikuwa ameshatoka hospitali. Alikuwa uani, bafuni, anaoga, na dirisha la chumba kile linatazama uani, kwa hiyo alisikia kila neno, akaganda kule na sabuni yake, akijiuliza ni majambazi wa namna gani hawa wanaolalamikia kitanda.

Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma. Bafu lilikuwa la mabati, halina paa, kama mabafu mengi ya huku, na chini yake kulikuwa na maji yanatiririka. Sasa mtu yeyote mwenye akili akiona maji yanatoka chini ya bafu atafikiri nini? Fundi wa mitambo, aliyetolewa nchi nyingine kwa ajili ya akili zake, alifikiri bomba limepasuka. Nyumba ile haikuwa na bomba hata moja. Nikasema, "Hapa kuna uvujaji," nikashika mlango wa bati nikauvuta, na kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwa waya tu, mlango haukufunguka, uling'oka mzima, nikabaki nimeushika mikononi.

Naapa niliona povu na jicho moja. Zaidi ya hapo sikuona kitu, na hilo jicho lilinitosha.

Yule mama alipiga yowe, si yowe la kawaida, ni ule mwano wao wa Kisukuma unaopigwa ng'ombe wakiibwa, mrefu, unaopokelewa nyumba hadi nyumba. Doto nikamsikia anakimbia (kiatu kimoja alikiacha, nacho hakikupata mwenzake tena). Na mimi mguu mmoja ulishageuka nikimbie, lakini nikafikiri, nikiutupa huu mlango, mama wa watu atabaki wazi na uani kunaonekana mpaka barabarani, na watu ndio hao wanakuja. Basi nikaurudisha mlango mbele ya bafu, nikausimamisha, nikaushikilia kwa mikono miwili, nikafumba macho kabisa, nikawa nasema, "Samahani mama, samahani mama, mimi mpangaji."

Ndivyo sungusungu walivyonikuta. Wametoka mbio na fimbo na marungu, wanaume kwa wanawake, wakitegemea mwizi wa ng'ombe, wakakuta mwanamume aliyevaa suruali ya kupigwa pasi amekumbatia mlango wa bafu huku kafumba macho. Kamanda wao, mzee Mabula, alisimama kwanza, nadhani katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na kesi kama ile. Wanawake wakaniondoa, wakamzungushia mama khanga. Nikashushwa chini, nikakalishwa vumbini, duara la watu na fimbo, watoto juu ya ukuta, na mwenye duka wa jirani, Mzee Hamisi, ameacha wateja amekuja na mizani yake mkononi.

"Wewe ni nani?" akauliza mzee Mabula.

"Mimi mpangaji."

"Umepangishwa na nani?"

"Na Doto."

"Doto yuko wapi?"

Nikaelekeza kidole barabarani. Mmoja akasema, "Huyu lafudhi yake si ya hapa, apigwe kwanza ndipo aulizwe." Fimbo zikainuka. Na mimi, ndugu zangu, katika kujiokoa, nikaona niwatajie kitu kitakachoonyesha kwamba nina heshima zangu mjini, kwamba nina watu. Nikapaza sauti watu wote wasikie. "Msinipige! Mimi si mgeni, mimi ni mkwe wenu! Nimeoa hukuhuku! Mke wangu ni Minza, wa Shishiyu, dada yake Masanja!"

Fimbo zilishuka zote. Nikafikiri nimepona. Kisha nikaona hakuna anayenitazama mimi, wote wanamtazama yule mama aliyezungushiwa khanga, na mama naye ananitazama kwa yale macho, sasa yote mawili, na ghafla nikayajua. Yalikuwa macho ya Minza.

"Mayu wane!" yaani mama yangu, akasema mwanamke mmoja taratibu, akaziba mdomo.

Mama akavuta khanga akajifunika uso wote, akageuka, akakimbia na ule mguu wake mbovu akaingia nyumbani kwa Mzee Hamisi. Wenyeji mnaelewa, lakini kwa ambaye hajui: kwa Wasukuma mama mkwe hakaribiwi. Mkwilima, yaani mkwe wa kiume, akimwona anakuja njiani anaacha njia, anapita porini. Hali naye, hampi mkono, hamtaji jina, chumba chake hakijui kikoje. Kwetu Changamwe mama mkwe unamkumbatia na unamwomba hela ya nauli, hayo mengine nilikuwa nimesimuliwa na Minza nikayacheka. Na sasa mimi, kabla hata ya kumsalimia, nilikuwa nimeruka juu ya kitanda chake na kumng'olea mlango wa bafu.

Mzee Mabula akavua kofia, akajikuna. "Hii si kesi ya sungusungu," akasema. "Angekuwa mwizi tungejua la kufanya." Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kwanza nyuma kule, kikaja mbele, mpaka watu wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Minza kule Mombasa anafunga mizigo, anamwimbia mtoto kwamba wanaenda kwa bibi, na mimi ndiye nimeufunga mlango wa kwa bibi kwa mikono yangu. Machozi yakanitoka mbele ya watoto walio ukutani, na sikujali.

Masanja alifika jioni, na habari alikuwa ameshaipata kwenye gari kabla hajashuka. Alinitazama, akatua gunia la dagaa. "Shemeji, nilikuomba utulie tu. Kutulia nako kuna ufundi?"

Kesho yake wazee wakakaa uani kwa Mzee Hamisi. Mama akawa ndani, nyuma ya pazia la mlango, mimi nje nimekaa chini nimegeuzia mgongo, na katikati kwenye kizingiti mke wa Hamisi, Bi Zuhura, mtu wa Tabora, mwenye ulimi wa pilipili, akawa mpelekaji maneno. Mama alikuwa hatua chache nyuma yangu na kila neno nalisikia, lakini ilikuwa lazima lipite kwa Bi Zuhura kwanza.

"Mwulizeni," sauti ya mama ikasema, "amekuwa mjini kwetu siku zote hizi. Kwa nini hakuja kunisalimia?"

"Mama, nilitaka kwanza—"

"Unamjibu nani?" Bi Zuhura akanikata. "Nijibu mimi. Yeye hayupo."

Basi nikamjibu Bi Zuhura. Nikasema nilijua mama hakunitaka, na nilitaka nije mbele yake nikiwa tayari nina nyumba, aone kwamba mwanawe hateseki. Nikasema nilidhani mtu huja na nyumba ndipo awe mtu. Nikasema nimekosa, na kosa ni langu, Minza hana habari, nisiposamehewa mimi, yeye asamehewe, aje tu awaone watu wake, mimi nitakaa hata kulekule kinuni.

Nikasikia Masanja anakohoa.

"Mwulizeni," mama akasema, "mwanangu anakula?"

"Anakula," nikasema. "Amenenepa kidogo."

"Mwulizeni, mtoto ana meno?"

"Mawili. Ya chini."

"Mwulizeni mmempa jina gani."

Na mimi, kwa kuwa swali lilikuwa rahisi, na nilikuwa nimechoka kukosea, nikajibu upesi kama mwanafunzi aliyepata swali analolijua. "Anaitwa Kabula."

Wazee wote wakashtuka, mmoja akasema "Aaa!" kama aliyekanyaga moto. Kabula ndilo jina la mama mwenyewe. Minza ndiye aliyelitaka, siku ileile alipojifungua, wakati mama hajatutumia hata salamu, na mimi nilikuwa nimelizoea kwa mtoto hata nikasahau kwamba huku halitakiwi mdomoni mwangu. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikajua sasa basi, nimemaliza, nipeleke begi stendi.

Nyuma ya pazia nikasikia kilio kile cha mtu anayejiziba kwa khanga. Bi Zuhura akaingia ndani, akakaa sana, na alipotoka hata yeye ulimi ulikuwa umepoa.

"Anasema nyumba yake hutaipanga. Mkwe na mkwe hawakai ua mmoja."

"Sawa," nikasema.

"Subiri. Anasema watu wamemweleza ulivyokutwa. Anasema ungeweza kukimbia kama yule mwenzako, lakini ulisimama ukamsitiri, na macho umefumba. Anasema mtu wa hivyo hata kama ni mjinga anaweza kufundishwa." Wazee wakacheka taratibu. "Utatoa mbuzi na doti ya kitenge, kuondoa aibu. Na hii nyumba yetu ya nyuma, inayopakana na kwake, mume wangu amekubali kukupangisha. Ila mlango unaotazama kwake utauziba, utoboe mwingine upande wa barabarani, ili msikutane."

Nikaifanya kazi hiyo mwenyewe kila nikitoka kinuni, naziba huku, natoboa kule, na sikumpa mtu mwingine ashike hata tofali moja. Nilipofika kwenye dirisha dogo la upande wake nilitaka nalo nilizibe, kwa heshima. Bi Zuhura akaja mbio. "Anasema dirisha liache. Mtoto atapita wapi?"

Tangu hapo nimeapa, na kiapo hiki nimewarithisha wanangu watakaokwenda kuoa mbali: ukiingia mji wa watu, kwanza uliza watu, uwasalimie wote, hata wasiokupenda, hao ndio uanze nao, nyumba utaipata baadaye. Na nikitakiwa kukagua kitu chochote kwa mtu nakaa nje mpaka mwenyewe anishike mkono aniingize, mafundi wenzangu hunicheka, na wacheke.

Minza aliposhuka kwenye basi aliingia kwake moja kwa moja, kama alivyoomba, ila alishangaa mlango mpya na tofali ambazo hazijakauka, akaniuliza, "Kwani hapa pamefanyika nini?" Kabla sijapata la kusema, tukasikia mtu anakohoa nje ya dirisha dogo. Minza akakitambua kikohozi hicho. Akasimama, mizigo ikaanguka, akaenda dirishani na sikusikia waliloambiana, kwa sababu hawakuambiana kitu, walishikana tu kupitia dirishani mama na mwanawe na kulia. Mimi nikageukia ukutani nikasimama hapo, pua yangu kwenye plasta. Kisha nikasikia mtoto anapitishwa, anaguna, halafu yule mama, upande wa pili wa ukuta wangu, anazungumza na mjukuu wake kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto mchanga.

"Mayu wane, umefika. Mwambie na baba yako amefika kwao."

Mtoto hakusema kitu, alikuwa na meno mawili tu. Lakini mimi ukutani pale nilishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikemea.